Jina la Akina Velon

Kwa miaka thelathini na mmoja Rosemay Velon alipika katika jiko la shule ya msingi ya mtaa wao, pale Saint-Joseph, kusini kabisa mwa kisiwa cha Reunion. Kwa Kifaransa baiskeli ni velo, na watoto ni watoto. Kila mchana, foleni ikifika dirishani kwake, lazima kuna mmoja atapiga kengele kwa mdomo, "dring, dring," na wenzake waangue kicheko. Rosemay alikuwa akijibu bila kuinua macho, "Pisha njia basi, breki zangu mbovu," huku akimmiminia mchekaji upawa wa ziada wa dengu. Kwa hiyo watoto walimpenda, na kengele haikukoma mpaka siku aliyostaafu.

Baba yake, marehemu mzee Antoine, alikuwa na maelezo yake kuhusu jina hilo. Alisema babu yake, Joachim, ndiye mtu wa kwanza kuendesha baiskeli katika Saint-Joseph nzima. Watu walipomwona akiteremka kilima cha kanisani miguu juu, kofia imepeperuka, wakamwita Velo, na karani akaongeza herufi moja ili lipate heshima. Mzee Antoine alipenda kusimulia habari hiyo harusini, na kila harusi kilima kilizidi kuwa kirefu.

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Rosemay mwenyewe asingeuliza, kama mdogo wake Expedit asingemjia Jumapili moja ya mwanzo wa Novemba, baada ya misa, na sura ya mtu aliyevunja kitu cha watu.

Rosemay alikuwa kibarazani, beseni mapajani, anachambua majani machanga ya mboga ya chouchou kwa ajili ya mchana.

"Dada," Expedit alisema, "kuna neno nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu."

"Umeuza shamba la baba?"

"Sijauza."

"Basi sema. Mengine yote tutayameza."

Expedit akavuta kiti. "Nimepeleka fomu kwa meya. Siku hizi mtu mzima anaruhusiwa kuchukua jina la mzazi wake wa pili, bila mahakama wala nini. Nachukua jina la mama. Hoarau."

Rosemay aliendelea kuchambua. "Hoarau. Jina zuri. Ukiita Hoarau sokoni Jumamosi, nusu ya soko inageuka."

"Ndiyo maana nalitaka. Nani atalicheka jina la nusu ya soko?"

"Kwani wewe ulichekwa zaidi yetu sisi?"

"Siyo mimi." Expedit alitazama mikono yake. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa hamsini kasoro, na mtoto wake pekee, Mathis, alikuja wakati yeye na mkewe walishakata tamaa. Mathis sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja. "Jumanne walimfunga kufuli ya baiskeli shingoni. Ile ya mnyororo. Wakatupa ufunguo kwenye mtaro. Mwalimu ndiye aliyenipigia simu nikaenda na msumeno wangu wa chuma, nikakata pale pale uani, watoto wote wanatazama."

Mikono ya Rosemay ikasimama ndani ya beseni.

"Hukuniambia," akasema.

"Ningekuambia nini? Akiwa chini ya miaka kumi na mitatu, jina langu likibadilika na lake linabadilika. Nataka arudi shule baada ya likizo na jina lisilo na magurudumu."

"Imeshapita hiyo fomu?"

"Bado. Wanakuacha mwezi mzima ufikiri, halafu unarudi kuthibitisha. Mimi nimepangiwa Alhamisi, katikati ya Desemba."

"Nipe mwezi huo."

"Wa kufanya nini, Dada?"

"Wa kujua unachotupa."

Expedit akacheka kidogo, bila furaha. "Unakijua. Natupa baiskeli."

Kesho yake Rosemay alivaa viatu vya kanisani akaenda ofisi ya meya ya Saint-Joseph kuomba cheti cha kuzaliwa cha baba yake. Alipata cha baba, kikampeleka kwa babu yake Emilien. Cha babu kikampeleka kwa Joachim, yule wa baiskeli. Karani wa kike, aliyewahi kula dengu zake enzi za shule, alimfungulia kitabu kikubwa chenye kurasa za rangi ya chai na kumsomea mwenyewe, maana mwandiko ulikuwa umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo: mwaka elfu moja mia nane sabini na tatu, mwezi Agosti, ameletwa mbele yetu mtoto mwanamume, mwenye umri wa siku mbili, aliyepewa jina Joachim Velon.

"Siku ngapi?" Rosemay aliuliza.

"Mbili, Shangazi."

Rosemay alisimama pale kaunta akaanza kucheka peke yake, mpaka waliokuwa kwenye viti wakanyanyua vichwa. Mtoto wa siku mbili ameteremka kilima gani na baiskeli gani. Alimwona baba yake na ulimi wake mtamu, na harusi zote zile, akacheka hadi akahitaji leso. Lakini alipotoka nje jua lilikuwa limebadilika kidogo machoni mwake. Hadithi ile, kwa uongo wake wote, ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Sasa hata hiyo haikuwapo.

Cheti kilimtaja baba wa mtoto: Celestin, mkulima, mzaliwa wa Sainte-Suzanne. Huko ni pande za kaskazini, upande wa pili wa kisiwa. Basi Rosemay akafanya safari ya kwanza kwenda Saint-Denis, kwenye jengo zinakohifadhiwa nyaraka za kisiwa kizima.

Chumba cha kusomea kilikuwa na baridi ya mashine na ukimya uliomfanya ajisikie anapumua kwa nguvu. Msimamizi, Bi. Ingar, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimnyooshea kidole mkoba. "Kalamu ya wino iache kwenye sanduku, mama. Humu ndani ni penseli tu."

Siku ile Rosemay hakupata kitu. Aliomba vitabu vya waliozaliwa Sainte-Suzanne miaka yote ambayo Celestin angeweza kuzaliwa, Velon hakuna. Akarudi wiki iliyofuata, akaanza upya. Saa nane mchana Bi. Ingar alikuja akainama kando yake.

"Mama, unamtafuta aliyezaliwa kabla ya mwaka elfu moja mia nane arobaini na nane?"

"Nadhani."

"Babu zako walikuwa weusi?"

"Nitazame."

Bi. Ingar akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Basi humo hutampata. Watumwa hawakuandikwa kwenye vitabu vya watu. Wako kwenye vitabu vya mali, pamoja na ng'ombe na mitambo ya sukari, na hawana majina ya ukoo."

Rosemay alilijua jambo hilo. Nani Reunion asiyelijua. Kila tarehe ishirini ya Desemba watu hupiga ngoma kukumbuka siku minyororo ilipofunguliwa, mwaka ule wa arobaini na nane. Lakini kulijua kwa ngoma ni kitu kimoja, na kulijua ukiwa umeshika penseli, unatafuta mtu wako kwenye kitabu ambacho hakuruhusiwa kuingia, ni kitu kingine. Alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa chafu.

"Tujaribu ndoa yake," Bi. Ingar akasema, sasa kwa sauti ya mtu aliyeingia kazini. "Alimwoa mama wa mtoto?"

Alimwoa. Mwaka sitini na tisa, Sainte-Suzanne, kabla hajahamia kusini. Bi. Ingar ndiye aliyeliona, maana Rosemay alikuwa ameshalipita mara mbili: bwana harusi aliitwa Celestin Veloune. V, e, l, o, u, n, e. Velun, ndivyo lilivyosomeka.

"Karani wenu wa Saint-Joseph alisikia vibaya," Bi. Ingar alisema. "Au alikuwa na njaa. Jina lenu ni hili."

Rosemay aliliandika kwa penseli kwenye kikaratasi, akalirudia kimoyomoyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Velun. Lilikuwa na mlio, lakini halikuwa na maana. Kwa Kifaransa si kitu. Kwa Krioli si kitu.

Jumamosi alikwenda kwa jirani yake Volasoa, mshonaji, apunguziwe gauni. Volasoa alitoka kusini mwa Madagaska miaka ishirini iliyopita, akaolewa Saint-Joseph, akafiwa na mume, akabaki na cherehani na ulimi usioogopa mtu. Alimsimamisha Rosemay juu ya kigoda, akaanza kumzungushia pini kiunoni.

"Umenenepa, Rosemay."

"Nimestaafu. Nakula nilichopika."

Kisha, kwa kuwa alikuwa hana pengine pa kwenda, akamsimulia habari za jina. Alipofika kwenye Velun, mikono ya Volasoa ikasimama. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Sema tena."

"Velun."

"Hilo si la Wafaransa. Hilo ni letu. Velona. O sisi tunaisema u, na herufi ya mwisho tunaimeza. Velona ni aliye hai. Mzima."

"Nani atamwita mtu Mzima?"

"Mama." Volasoa aliketi sakafuni, mgongo ukutani. "Kijijini kwetu mwanamke akizika mtoto wa kwanza, akazika wa pili, akazika wa tatu, halafu wa nne akabaki, unafikiri atamwita nani? Atamwita hivyo. Kila akimwita kuja kula, anasikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba yupo."

Rosemay alitaka kuketi, lakini pini zilikuwa zimemzunguka pande zote. Akabaki amesimama juu ya kigoda katika gauni lililoshonwa nusu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na Volasoa, ambaye hakuwa na desturi ya kubembeleza watu, alimpa kipande cha kitambaa cha bitana apangusie.

"Miaka yote hii," Rosemay alisema, "nilikuwa nawapigia watoto breki."

Safari ya tatu Bi. Ingar alikuwa anamngoja. Alikuwa ameshatoa rejista yenyewe, ile iliyofunguliwa mwaka wa uhuru, makarani walipokaa na meza zao mashambani kuwapa majina watu elfu sitini ambao hawakuwa nayo. Alikuwa ameiweka juu ya mto wa povu, na kikaratasi cheupe ndani.

"Sikusoma," alisema. "Nimeweka alama tu. Soma wewe."

Rosemay alisoma polepole, kidole kikielea juu ya karatasi bila kuigusa. Amefika mbele yetu raia Soa, mwanamke, mzaliwa wa Madagaska, umri miaka thelathini na minane hivi, mkata miwa, aliyepewa jina Veloune, kama alivyojitaja mwenyewe. Pamoja na watoto wake, Augustine, miaka kumi na miwili, na Philibert, miaka tisa, waliopewa jina hilo. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, umebanwa, herufi ndogo kuliko za juu, kana kwamba nafasi haikutosha: na Celestin, miaka minne, mtoto wa marehemu Rosalie wa Msumbiji, hana mtu, raia Soa ameomba aandikwe kwa jina lake.

Alisoma tena. Kisha akaegemea nyuma.

"Kumbe hakumzaa," alisema.

Bi. Ingar alisoma mstari ule naye, kisha akasema, "Mama, nimefanya kazi humu miaka kumi na saba. Makarani hawa waliandika watu sitini, sabini kwa siku. Walikuwa na joto, walikuwa na haraka. Mtoto asiye na mtu alibandikwa jina lolote lililomjia karani kichwani. Kuna waliopewa majina ya mboga, kuna waliopewa miezi, kuna waliopewa vyombo vya jikoni. Mstari kama huu haujiandiki. Kuna mtu alisimama mbele ya meza ile akakataa kuondoka."

Rosemay alishukuru, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi na sambusa zake mbili ambazo hakuzila. Kwanza alihisi kama amenyang'anywa. Mstari mmoja ulimpa Soa, na mstari uliofuata ukamwambia Soa si wake. Lakini alivyozidi kukaa, ndivyo alivyozidi kumwona mwanamke yule kwa macho ya kazi yake mwenyewe. Alijua jiko. Alijua maana ya mdomo mmoja zaidi wakati sufuria ni ile ile. Soa alikuwa na wawili wa kulisha, hana mume aliyeandikwa, hana nyumba iliyo yake, na siku ya kwanza maishani mwake alipoulizwa anataka nini, alitaka mtoto wa rafiki yake asiitwe jina la takataka. Rosemay aliinamisha kichwa akasema asante, kwa sauti, mbele ya watu wanaopita. Mwanamume mmoja akadhani anaambiwa yeye, akaitikia.

Jioni ile alimwekea Expedit nakala mezani, kando ya sahani. Expedit aliisoma hadi chini.

"Kwa hiyo hata si letu," alisema.

"Si letu kwa damu."

"Sasa jina huwa lako kwa kitu gani kingine?"

"Hoarau ni la damu, lilikuja lenyewe na mama, hakuna aliyejisumbua. Hili mtu alisimama kwenye foleni akatuombea." Akaisogeza nakala karibu naye. "Mimi sikuzuii, Expedit. Kufuli ile ilikuwa shingoni mwa mwanao, si mwangu. Nimekuletea tu ulichokuwa unakitupa, ukitazame kabla hakijaenda."

Expedit aliikunja nakala akaitia mfuko wa shati. Hakugusa chakula.

"Kuna Veloune mmoja kwenye kitabu cha simu," Rosemay aliendelea. "Sainte-Suzanne. Wameliandika vile vile la zamani. Hao ndio wa damu. Nataka kwenda kushukuru."

"Kumshukuru nani? Soa amekufa zamani."

"Waliobaki. Nitakwenda Alhamisi."

"Alhamisi ni siku yangu ya meya."

"Najua. Nitapanda basi."

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, Rosemay akiwa anafunga kwa kitambaa sufuria ya rougail, soseji katika mchuzi wa nyanya na pilipili, gari la Expedit lilisimama nje. Mathis alikuwa kiti cha nyuma, amevaa shati jipya.

"Na meya?" Rosemay aliuliza.

"Nimewapigia. Nimewaambia wampe mtu mwingine nafasi yangu."

Rosemay hakumchokonoa. Alimpa sufuria aishike wakati anafunga mlango.

Maximin Veloune alikuwa mzee wa miaka themanini na mmoja, mkulima wa vanila, mwenye nyumba ya mabati mekundu kando ya mto. Aliwatazama juu ya geti lake dogo: mwanamke mwenye sufuria, mwanamume, mtoto.

"Kama ni mambo ya dini, tunayo yetu," alisema. "Kama ni mambo ya shamba, haliuzwi."

"Tumekuja kushukuru, Mzee."

"Kushukuru nini? Mimi siwajui."

"Jina," Rosemay alisema. Na pale pale getini, sufuria ikimlemea mikono, akaeleza yote tangu kufuli ya baiskeli. Mzee alimsikiliza bila kukatiza. Alipofika kwa Soa, akaomba asubiri, akaingia ndani akarudi na miwani na mkewe, kisha akasoma ile nakala, mdomo ukisogea. Alisoma mstari wa mwisho mara tatu.

"Sisi tumetoka kwa Philibert," alisema. "Hilo nilikuwa nalijua, baba aliniambia. Soa sikumjua. Huyu mdogo sikumjua." Akamtazama Mathis. "Na wewe wanakuitaje shuleni?"

"Baiskeli," Mathis alisema.

"Sisi walituita Mwezi. Veloune, la lune, umeona? Nimeitwa Mwezi mpaka nikaota mvi. Kaka yangu aliyekuwa na upara ndiye aliyeteseka zaidi."

Mathis akacheka, na mzee akafurahi kumwona anacheka, akafungua geti. "Ingieni. Mwanamke huyu anachoka mikono na ninyi mnanisimamisha kama polisi."

Walikula kibarazani, rougail ya Rosemay na wali wa mke wa mzee. Kila mara Rosemay alipoanza tena kushukuru, Mzee Maximin alipunga uma. "Mama, mimi nimelima vanila tu. Sikufanya kitu." Lakini walipoondoka alimshika Expedit mkono kwa muda mrefu, akamwambia tarehe ishirini waje wote, maana siku ile nyumbani kwao huwa wanawaandalia wahenga chakula na kuwataja kwa majina kabla mtu yeyote hajala.

Walikwenda Wavelon kumi na wanne, katika magari manne. Rosemay aliamka mapema akapika kana kwamba shule nzima inakuja. Uani, mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, Mzee Maximin alisimama na miwani yake, akaanza kuwaita wazee wake, baba, babu, Philibert, Augustine. Alipofika kwa Soa alitamka polepole, kwa kuwa alikuwa anamwita kwa mara ya kwanza. Akamtaja Celestin. Halafu akageuka.

"Na mama yake yule mtoto? Aliitwa nani?"

Kila mtu akamtazama Rosemay, lakini Mathis ndiye aliyejibu.

"Rosalie."

"Rosalie," mzee akaita, na wote uani wakamwitikia.